Kabla ya Kuita

Andiko la juma hili: 1 Samweli 3:1-10



Juma lililopita mzee mmoja wa usharika alinijia na daftari la shule kwapani. Nilidhani ni hesabu za ujenzi, maana siku hizi kila anayenijia na daftari ana deni la kuulizia. Alipolifungua nikaona minazi miwili imechorwa kwa penseli, na kati yake waya ulionyooshwa kwa rula: mita 10 upande huu, mita 10 upande ule.

"Shikamoo mzee. Hii ni kamba ya kuanikia?"

"Marahaba, mchungaji. Hiyo ni antena. Nimekuja uniombee."

Mzee huyu alifanya kazi ya redio melini karibu maisha yake yote. Alipostaafu hakujenga Kibiti mjini kama wenzake. Alishuka Nyamisati, akapanda boti, akahamia kisiwani kwa jamaa za mkewe, ndani kabisa ya delta ya Rufiji. Kule simu hushika mahali pamoja tu, na hapo pia ni bahati. Sasa anapanga kuweka kituo cha redio ya ridhaa.

Msinielewe vibaya, haifunguliwi stesheni ya muziki na matangazo ya sabuni. Redio ya ridhaa ni ya mtu binafsi mwenye leseni, anayezungumza na mwenzake mwenye leseni, awe Mafia au awe Japani, bila malipo na bila biashara. Hapa kwetu leseni hutolewa na mamlaka ya mawasiliano, TCRA, na jina la kituo huanza na 5H, hata anayelisikia Brazili akajua kwamba huyu yuko Tanzania. Mzee hana leseni bado. Ana daftari.

Nimelisoma daftari lile kwa makini kuliko ninavyosoma taarifa nyingi za vikao. Redio yenyewe ni ya wati 100, na inapotuma hunywa amperi 20 hivi kwenye betri ya volti 12, kwa hiyo ameandika ukubwa wa paneli ya sola, akaukata, akaandika mwingine. Chumba cha redio kitakuwa dungu, lile lile la kulindia mpunga, lililoinuliwa juu ya nguzo. Amepiga alama mahali maji ya bamvua yalipofika mwaka 2024, Rufiji ilipofurika mashamba yakazama, akaongeza dhiraa moja juu yake. Pembeni ameandika neno "chumvi" na kulipigia mistari mitatu. Hewa ya huko hula shaba mpaka inakuwa kijani, na kila kiungo cha waya kitahitaji kufungwa na kupakwa grisi.

Ukurasa wa pili una antena nyingine, ya kusimama wima, mita 5 tu, kwa masafa ya megahezi 14. Hii haipandi mnazini. Imechorwa kwenye tope, kati ya mikoko, mahali maji yanapojaa na kupwa mara mbili kwa siku. Nikamwambia mzee, hapo umekosea, nani husimamisha mlingoti topeni? Akacheka. Akanieleza kwamba antena ya wima hutegemea ardhi iliyo chini yake, na mchangani au mwambani nguvu nyingi hupotea. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri, na wimbi linalotoka juu yake huondoka chini chini, karibu na upeo wa macho, likaenda mbali sana. Watu wenye mitambo ya fedha nyingi, walio bara kwenye nchi kavu, wangelipa kupata tope kama lile.

Nimeishi Kibiti miaka kadhaa na sijamsikia mtu akilisifu tope la delta. Tunalisema linapomeza viatu, linapokwamisha boti, linapotufanya tuchelewe mazishi. Nilinyamaza.

Lakini si tope lililonifanya niandike. Ni ukurasa wa tatu, ambao hauna mchoro. Umeandikwa: "Miezi sita ya kwanza, kusikiliza tu."

Nikamuuliza kama ni kwa sababu ya leseni. Akasema hata leseni ingekuja kesho angefanya hivyo hivyo. Mgeni wa masafa akianza kwa kuita, huwakanyaga waliokuwa wakizungumza kabla yake, na mara nyingi hata hajui kwamba amewakanyaga. Hupaswa kusikiliza kwanza, kisha kuuliza kama pana mtu, kusikiliza tena, ndipo aite. Tena lazima ajue saa za pale alipo. Mchana kuna tabaka juu angani linaloyameza mawimbi ya megahezi 7, hayafiki mbali. Jua likizama tabaka lile hufifia, na sauti za mbali huanza kuingia moja moja.

Sasa mtazameni Samweli. Mara tatu anaitwa usiku, mara tatu anaamka na kukimbilia kwa kuhani Eli. Masikio yake yalikuwa mazima, alilisikia jina lake kila mara. Alichokosa ni kumjua anayeita. Na Eli, macho yamefifia, nyumba imeharibiwa na wanawe, hakusikia neno lolote usiku ule. Tunamsema vibaya Eli mimbarini. Mimi mwenyewe nimemsema, tena kwa sauti kubwa. Lakini bila yeye kijana angekimbia huku na huko mpaka asubuhi. Mzee aliyeacha kusikia ndiye aliyemfundisha mtoto namna ya kujibu. Nalisema hili kwa sababu rafiki yangu wa daftari ana sikio moja tu linalofanya kazi, na tayari watoto watatu wa kisiwani wanakuja jioni kujifunza alama za Morse kwa kugonga sufuria.

Delta iliwahi kusikia Morse zamani. Septemba 20, 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar, kisha ikajificha kwetu, katika mito ya Rufiji, miezi mingi. Waingereza wakaiteka Mafia, wakaleta ndege. Julai 11, 1915 ndege iliyokuwa na rubani Cull na msaidizi wake Arnold ilizunguka juu ya mikoko ikituma kwa redio masahihisho ya shabaha kwa meli za mizinga, Severn na Mersey. Ikapigwa. Injini imekufa, ndege inashuka kuelekea mtoni, na Arnold bado anagonga ufunguo wa Morse, anawaambia wapeleke makombora mbele kidogo. Mashua ya Mersey ikawaokota majini wakiwa hai. Königsberg ikaangamia siku hiyo hiyo.

Ni ushujaa, sikatai. Ila nimejiuliza mkulima wa mpunga aliyekuwa chini ya anga lile alielewa nini. Ujumbe ulipita juu ya kichwa chake, na maana yake ilikuwa ni wapi kombora lianguke.

Ndiyo maana nilimshauri mzee asisimamishe mlingoti kabla hajakaa na watu. Sisi wa Kibiti tunajua mauaji ya 2017, tulipofunga milango kabla ya magharibi na kuogopa hata hodi. Mgeni mwenye waya na mitambo kisiwani ataulizwa, na ana haki ya kuulizwa. Akaniambia ameshakwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, ameshakunywa kahawa na imamu, na imamu ameuliza swali moja tu: kikija kimbunga kama Hidaya, mitambo hiyo itaita Mafia? Mzee alimjibu kwamba ndiyo hesabu yake, ikiwa Mafia atakuwepo wa kusikiliza. Imamu akasema basi atafutwe wa Mafia pia.

Alhamisi nilivuka kwenda kumwona. Hakuna antena ya minazi bado, wala ya topeni. Kuna redio ndogo ya kupokea tu, betri ya pikipiki, na waya uliotupwa juu ya mchu. Tulikaa dunguni mpaka adhana ya isha ikaisha na mbu wakachachamaa. Mikwaruzo tu. Kisha, hafifu kabisa, milio mirefu na mifupi. Mzee akageuza sikio lake zima, akainua kidole, watoto wakanyamaza. Mkubwa wao akaandika herufi mbili, C na Q.

"Anamwita nani?" nikauliza.

"Yeyote," akasema mzee. "Hiyo maana yake ni yeyote anayenisikia."

Akaita mara nne, tukamhesabu. Hakuna aliyemjibu. Mkono wa mzee ulikuwa juu ya ubao, kidole kikigonga pasipo na ufunguo. Mtoto akatazama saa, akaandika kwenye daftari: saa mbili na dakika kumi na nane.