Amana ya Raia

Mwaka 1787, wajumbe walipokamilisha katiba ya Marekani mjini Philadelphia, mzee Benjamin Franklin aliulizwa na bibi mmoja ni dola ya namna gani waliyowaundia watu. Jawabu lake, kama lilivyohifadhiwa na mjumbe mwenziwe, James McHenry, lilikuwa kwamba ni jamhuri, iwapo wataweza kuitunza. Katika sharti hilo fupi mna swali zito: je, mtu huru ana wajibu gani kwa uhuru aliozaliwa akaukuta?

Wapo wanaojibu kuwa hana. Kura moja, wasema, ni tone baharini. Ikikosekana, bahari haipungui. Hoja hii hujivunia hesabu, na hesabu yenyewe huiumbua. Mwaka 2000, jimboni Florida, zilipigwa kura zinazokaribia milioni 6. Tofauti baina ya George W. Bush na Al Gore ikatangazwa kuwa 537, na kwa hizo urais wa nchi nzima ukaamuliwa.

Hata hivyo, wajibu hausimami juu ya bahati ya namba. Machi 7, 1965, watu wapatao 600 walivuka daraja la Edmund Pettus, mjini Selma, kudai haki ya Weusi kupiga kura. Walipokewa kwa marungu na mabomu ya machozi. John Lewis, kijana wa miaka 25, akapasuliwa fuvu. Hapana kati yao aliyedhani kuwa kura yake peke yake ingemng'oa gavana. Walidai kuhesabiwa miongoni mwa watu. Agosti ya mwaka ule Sheria ya Haki za Kupiga Kura ikatiwa saini. Anayeipuuza kura hiyo leo huipuuza na damu iliyoinunua.

Lakini kushiriki nako kuna adabu yake. Januari 6, 2021, umati wa wafuasi wa Donald Trump ulivamia jengo la Bunge kuzuia kuthibitishwa kwa uchaguzi alioshindwa. Wengi wao waliamini kuwa wanatimiza wajibu wa uraia. Hapo ndipo penye mtihani: bidii isiyokubali kushindwa huivunja nyumba inayodai kuilinda. Miezi miwili kabla, huko Georgia, makarani wa uchaguzi walikuwa wamehesabu upya kwa mkono kura milioni 5, wengine wakitishiwa maisha, na wakatangaza walichokiona, kimpendeze nani, kimchukize nani.

Chombo cha mbao huingia maji hata baharini kukiwa shwari. Nahodha hodari hafui dafu ikiwa kila abiria angoja mwenziwe ayakumbe. Katika uchaguzi wa mwaka 2020, uliovunja rekodi ya zaidi ya karne, takriban theluthi moja ya Wamarekani wenye haki ya kura hawakupiga. Hao nao wamo chomboni.