Kuiandika Nchi

Neno la mwezi huu: Yoshua 18:1–10



Katika sura hii twawaona wana wa Israeli wamekusanyika Shilo. Nchi imetulia mbele yao, lakini makabila saba yangali hayana urithi. Yoshua awauliza watakawia hata lini. Twadhani angepiga kura siku ile ile, kila mtu aende zake. Sivyo. Kwanza ataka watu watatu kwa kila kabila, awatuma waipite nchi kwa miguu yao, waiandike katika kitabu, mji kwa mji, kisha warudi kwake. Hapo ndipo kura zinapopigwa mbele za Bwana. Tazameni utaratibu wake: miguu hutangulia, kitabu hufuata, fungu huja mwisho. Tena kitabu ni kimoja, nacho chaletwa mahali pamoja, mbele ya watu wote.

Neno hili latuhusu sisi tukaao vijijini, kwa maana nchi yetu nayo imegawanywa mafungu mara nyingi na wale waliokuja kutusaidia. Mwaka 1971 Serikali ya Tanzania iliweka nia kwamba baada ya miaka 20 kila mtu wa shamba apate maji safi karibu na nyumba yake. Mataifa rafiki wakaitikia, wakashika kila mmoja upande wake. Sweden ilisaidia Mwanza, Mara na Kagera. Ufini ikaenda Mtwara na Lindi. Denmark ikashika Iringa, Mbeya na Ruvuma. Norway ikachukua Kigoma na Rukwa. Uholanzi ikachimba visima Shinyanga, na baadaye Morogoro. Makanisa nayo hayakukaa kimya. Huduma ya Wakristo kwa Wakimbizi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na Fungamano la Walutheri Duniani, ilihudumia wakimbizi, na baadaye vijiji vya wenyeji pia.

Kazi hiyo ilikuwa njema, na wengi walikunywa kwayo. Lakini kila rafiki alikuja na pampu ya kwao. Huku ilisimikwa Nira ya Ufini, kule SWN ya Uholanzi, kwingine India Mark II au Afridev. Kipuri cha hii hakiingii katika ile. Tena kila mmoja aliandika kitabu chake, akakipeleka kwa wale waliotoa fedha. Kitabu kimoja cha wote, kile cha Shilo, hakikuwapo. Mwaka 1991 ukafika, ukapita, na watu wengi walikuwa wangali wakichota mtoni na madimbwini.

Katika miaka ya 2000 shirika la WaterAid lilianza kuandika vituo vya maji vya wilaya kadhaa juu ya ramani, na baadaye Wizara ya Maji ikaieneza kazi hiyo katika nchi nzima. Jinsi yake ni kama ya watu wa Yoshua. Mtu huenda mpaka kisimani pale pale, akiwa na chombo kidogo kipokeacho alama za setilaiti na kuonyesha mahali aliposimama. Huwauliza wenyeji: Nani alitoa fedha? Nani alijenga? Mwaka gani? Maji yatoka? Nani aangalia? Watu watoa nini kwa ajili ya matengenezo? Kila jibu huandikwa, na kila kisima huwa nukta moja juu ya ramani.

Fungu moja la kumbukumbu hizo limetolewa wazi ili kila mtu alisome. Lina vituo 59,400, navyo viliandikwa zaidi kati ya mwaka 2011 na 2013. Katika hivyo, 32,259 vilikuwa vikitoa maji vizuri. 4,317 vilitoa maji lakini vilihitaji kutengenezwa. Na 22,824 vilikuwa havitoi maji. Yaani katika kila visima kumi, karibu vinne vilikuwa vimenyamaza. Fahamuni kwamba kila kimoja cha hivyo kilikuwa na siku yake ya furaha. Palikuwa na hotuba na nyimbo, na mgeni alifungua bomba watu wakapiga makofi. Katika taarifa ya mfadhili kisima hicho kimehesabiwa kuwa kazi iliyokwisha. Kwa mama mwenye ndoo hakuna kazi iliyokwisha, kwa maana kesho ataamka tena na kiu ya watoto wake.

Katika safu ya wafadhili yamo majina ya Serikali, ya Denmark, ya HESAWA iliyofanya kazi katika mikoa ya Ziwa, ya World Vision, na ya wengine wengi. Jina la KKKT limo pia, mara nyingi, katika safu ya waliotoa fedha na katika safu ya waliojenga. Basi habari hii si ya watu wa mbali. Ni halali yetu kuuliza katika kila usharika: kisima kile chenye jina la Kanisa, je, leo chatoa maji?

Daftari hilo latufundisha neno jingine. Vituo zaidi ya 20,000 havikuandikiwa mwaka wa kujengwa. Jina la shirika moja limeandikwa kwa namna nyingi, hata mtu aweza kudhani ni mashirika mbalimbali. Na vituo zaidi ya 1,800 vimekosa hesabu ya mahali. Badala yake imewekwa sifuri, hata juu ya ramani vyaonekana viko baharini, katika Ghuba ya Guinea, mbali na mtu ye yote awezaye kuchota. Twaweza kucheka, lakini tufikiri pia. Fundi akitafuta kisima kilichoandikwa hivyo hatakipata, na kijiji chake kitangoja. Uvivu wa kalamu huwa kiu ya mtu.

Labda mtu atasema: Je, kuhesabu si dhambi? Daudi hakuadhibiwa kwa sababu ya kuhesabu? Swali hili ni la haki. Twasoma katika 2 Samweli 24 kwamba Yoabu alizunguka nchi miezi tisa na siku ishirini, akamletea mfalme hesabu. Lakini alihesabu nini? Alihesabu watu wenye kushika upanga. Wajane hawakuwamo katika hesabu ile, wala watoto, wala vipofu. Ilikuwa hesabu ya kumwonyesha mfalme jinsi alivyo mkubwa. Hesabu ya Yoshua ilifanywa kwa ajili ya makabila yaliyokuwa hayajapata kitu. Kalamu ni ile ile, na miguu hutembea vile vile, lakini moyo ni mwingine. Nasi tupimwe kwa kipimo hiki. Shirika, au usharika, likiandika miradi yake lijisifu, hilo ni daftari la Yoabu. Likiandika ili limwone aliyeachwa, hilo ni daftari la Shilo.

Aliyeachwa yuko wapi? Mwaka 1983 mtaalamu Mwingereza Robert Chambers alieleza katika kitabu chake juu ya maendeleo ya vijijini jinsi wageni wapendavyo kufuata barabara ya lami, wakawaona walio kando ya barabara, na maskini wa ndani wasionekane. Ndiyo maana ramani yafaa kusomwa mahali palipo peupe kuliko mahali penye nukta nyingi. Lakini tuwe waangalifu. Mahali peupe pengine ni msitu tu, na nukta moja yaweza kuwa inabeba mzigo wa vijiji viwili. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilisema kituo kimoja kihudumie watu 250, wala mtu asiende zaidi ya mita 400. Kwa hiyo hesabu ya watu na iwekwe karibu na hesabu ya visima, ndipo upungufu utakapoonekana.

Katika Matendo 6 twasoma kwamba wajane wa wale waliosema Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Manung'uniko yao yalikuwa ndiyo ramani ya wakati ule. Mitume hawakuwaambia wanyamaze, wala hawakuonyesha hesabu ya wajane waliokwisha kula. Waliwaita watu, wakachaguliwa saba, kazi ikatengenezwa. Na sisi tusikasirike mtu akituonyesha alama ya kisima kilichokufa. Huyo si adui wa kazi.

Sasa tufanye nini? Mwinjilisti aujua mtaa wake kuliko mgeni ye yote. Na achukue daftari, afuatane na mzee mmoja, na mama mmoja mchota maji, maana huyo ajua kisima kikaukacho Septemba. Waende kila kisima cha eneo lao, kiwe cha Kanisa, cha Serikali, cha msikiti au cha mtu binafsi. Kiu haina dhehebu. Waandike mahali, mwaka, aina ya pampu, na kama maji yatoka. Kisha daftari hilo lisifungiwe kabatini mwa usharika. Lipelekwe kwa mwenyekiti wa kijiji, na kwa ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa maji vijijini uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2019. Na kabla ya kumwomba mfadhili kisima kipya, tuulize kwanza kama cha zamani chataka kipuri tu.

Tena tusisahau mchango wa matengenezo. Daftari lile laonyesha kwamba watu wasipotoa cho chote, visima vilivyo vizima huwa vichache kuliko pale watoapo kila mwezi au kila mwaka. Zawadi isiyotunzwa haidumu.

Wapendwa, Bwana wetu alisema habari ya kikombe cha maji ya baridi apewacho mmoja wa wadogo, kwamba thawabu yake haipotei. Yeye akihesabu hata kikombe, sisi tusione haya kuhesabu visima. Tuinuke, tuipite nchi, tuiandike kwa kweli, mahali palipo na maji na mahali pasipo na maji, hata asibaki mtu asiye na fungu lake.

Ee Bwana, utupe miguu isiyochoka, macho yasiyopita mtu, na kalamu isiyosema uongo. Amina.