Mwenye kovu usidhani kapoa

Methali hii hutumiwa zaidi kuonya. Mtu aliyedhulumiwa akinyamaza, akaendelea kusalimiana na waliomuumiza kana kwamba hakuna lililotokea, wazee humnong'oneza aliye karibu: usidhani yamekwisha. Tendo limepita, uchungu umebaki. Kwa matumizi hayo anayeambiwa ni jirani, yule anayetazama kwa nje na kutoa hukumu. Lakini methali hii inamfaa pia mwenye kovu mwenyewe, maana mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kudhani kuwa kapoa.

Tuanze na kovu. Jeraha la kina likifunga, mwili huwa umeliziba kwa nyuzi mpya zilizosukwa kwa haraka. Ngozi hiyo haioti vinyweleo wala haitoi jasho, na hata ikikomaa hairudishi nguvu zote za ile ya mwanzo. Hufikia takriban asilimia 80 tu. Chini yake kazi ya kujijenga upya huendelea kwa mwaka mzima, wakati mwingine zaidi. Wahenga hawakuwa na hadubini, lakini walijua kwamba kufunga ni jambo moja na kupona ni jingine.

Sasa neno "kapoa". Chai hupoa, hasira hupoa, mgonjwa hupoa. Lugha imeweka uponyaji na ubaridi katika neno moja, na hapo pana hekima. Mwili ukihisi hatari humwaga homoni za adrenalini na kotisoli: moyo unadunda, misuli inakaza, usingizi unakimbia. Hilo ni msaada kwa anayekimbizwa na mbwa. Mbwa akienda zake, joto linashuka. Ila ada ya shule, deni la dukani na mgonjwa wa ndani ya nyumba haviondoki jioni. Anayeishi navyo miaka ameketi juu ya jiko lisilozimwa, na siku moto ukizimwa, sufuria bado inaunguza mkono.

Mchukue binti aliyemuuguza mama yake miaka mitatu. Alimgeuza kitandani, alimwosha, aliamka usiku kila aliposikia kikohozi. Mama akafariki, matanga yakaanuliwa, jamaa wakatawanyika, na Jumatatu binti akarudi kazini. Watu wakamsifu: "Huyu kajikaza kweli!" Miezi sita baadaye wali unamuungulia jikoni. Anakaa chini sakafuni, analia mpaka sauti inamkauka, kisha anajikemea: mtu mzima unalilia wali? Wala si wali. Ni kovu limeguswa.

Kosa lake si kulia. Kosa, kama lipo, ni kujikemea, na hilo amefundishwa na sisi tuliolifanya neno "jikaze" kuwa dawa ya kila ugonjwa. Kukaza kuna siku yake. Ila hata kamba ikikazwa mno hukatikia pembamba. Mila zetu zenyewe zilijua kulegeza. Mzazi hukaa ndani siku 40, akakandwa kwa maji ya moto na kunyweshwa uji wa pilipili manga, wala hakuna anayemwita mvivu. Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi 4 na siku 10. Sheria hiyo ina sababu zake, lakini pia humwekea mfiwa muda ambao hakuna anayemharakisha. Aliyechoka moyo tu, ambaye hakujifungua wala hakufiwa na mume, nani amemhesabia siku zake?

Atajihesabia mwenyewe, na pa kuanzia tayari anapajua. Tunampa pole aliyefiwa, aliyejikwaa, aliyetoka safari. Tunasema "pole na kazi" kwa mtu ambaye kazi yenyewe hatukumtuma. Tunaitoa pole bila kuuliza kwanza kama anastahili. Mwanasaikolojia wa Marekani Kristin Neff, katika maandishi yake ya mwaka 2003, aliueleza wema kwa nafsi kwa mambo matatu: kujitendea kwa upole, kukumbuka kuwa mateso ni fungu la wanadamu wote, na kuutazama uchungu jinsi ulivyo bila kuukuza wala kuuficha. Pole yetu inayabeba yote matatu, ila tumezoea kuwapa wengine tu.

Atakuja mtu aseme huko ni kudeka. Hapana. Anayedeka hutaka wengine wamchukulie mzigo. Anayejipa pole anautua apumzike, apate kuunyanyua tena. Kwa vitendo ni mambo madogo: kulala mapema bila kujishitaki, kukataa shughuli moja ya Jumamosi, kumwambia dada au rafiki, "Mwenzio nimechoka," bila kumalizia kwa kicheko.

Na kama usingizi umegoma kwa majuma, chakula hakipiti, au wazo la kufa linabisha hodi, hapo nenda hospitali kama ambavyo ungekwenda kwa malaria. Mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi ya moyo hayamo nje ya methali hiyo.

Kwa hiyo usidhani umepoa kwa sababu watu wamekuona unacheka. Jipe muda wa kupoa. Na leo jioni ukivua viatu, jiambie lile ulilowaambia wenzako mchana kutwa: pole.