Juu ya Kutaka Kupona Upesi

Mwalimu mmoja wa sharika za mlimani ametuuliza hivi: Je, Mkristo asiyeweza kulala pasipo kidonge, atenda dhambi? Tulidhani tutamjibu kwa maneno machache, lakini kila tulipoishika kalamu tulimkumbuka mama mmoja, na habari zake zatuzuia kujibu kwa wepesi.

Mama huyo alifiwa na mumewe. Usiku hakupata usingizi, akaenda hospitali, akapewa vidonge vya diazepamu vya majuma mawili. Mganga hakukosa. Dawa hiyo, iliyoanza kuuzwa mwaka 1963, ni njema kwa kazi yake, nayo yapasa kutumiwa kwa muda mfupi, maana mwili huizoea. Majuma mawili yakaisha, huzuni isiishe. Akarudi. Mganga wa pili alikuwa na watu wengi mlangoni, akamwandikia cheti kingine. Kisha akaonyeshwa duka ambalo haliulizi cheti, ijapokuwa sheria yakataza. Ikapita miaka miwili, na kidonge kimoja kikawa viwili, na viwili vikawa vitatu.

Ni nani aliyekosa? Mwenye duka ana hatia, hilo halina shaka. Lakini tusijidanganye, sisi wenyewe twawafundisha waganga kutenda hivyo. Mganga akituambia, Pumzika, kunywa maji, urudi baada ya siku tatu, twatoka tukinung'unika ya kuwa tumedharauliwa na nauli imepotea bure. Twampima mganga kwa uzito wa mfuko wa dawa. Mafua hayaponywi na dawa za kuua bakteria, hata hivyo twazidai. Tena wako watu ambao kichwa chawauma kwa sababu ya vidonge vyenyewe, kwa kuwa wamemeza dawa ya maumivu siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa miezi mingi, na kila kinapouma huongeza. Waganga walijua sana jambo hili, ila sisi hatupendi kuambiwa. Naamani Mshami naye alikasirika, kwa sababu Elisha hakutoka nje kumfanyia jambo kubwa, bali alimtumia mtu wa kumwambia akaoge mtoni mara saba. Twadhani hesabu hiyo ilimwudhi kuliko maji ya Yordani.

Sasa tuseme kosa letu. Mama yule alitujia jioni moja, akaungama kwamba vidonge vimemfunga. Tulifurahi mno. Tukaomba pamoja naye, tukamwambia, Vitupe leo hii, Bwana atakulaza. Akavitupa chooni. Siku ya sita akaanguka jikoni kwa degedege, karibu na mafiga, akaungua mkono. Huko hospitali tulielezwa kwamba mtu aliyeizoea dawa hiyo haiachi kwa siku moja, bali hupunguziwa kidogo kidogo, majuma au miezi, chini ya macho ya mganga, la sivyo aweza hata kufa. Hatukuwa tumelijua jambo hilo, wala hatukuwa tumeuliza. Kusema kweli, tulikuwa tukiutazamia ushuhuda wa Jumapili.

Hapo tuliona ya kuwa sisi na mwenye duka tulikuwa tumeuza bidhaa moja. Yeye alimpa usingizi wa upesi, nasi tukampa uhuru wa upesi, na katika sisi wote hapana aliyekaa naye kumwuliza, Mama, ukiwa macho usiku wafikiri nini?

Alipotoka hospitali, mganga alimpunguzia kwa miezi saba. Wamama wa usharika wakapeana zamu za jioni, wakaketi naye, wakasikiliza habari za marehemu hata wakazijua kwa moyo, wengine wakachoka, na mmoja akaacha kabisa. Ziko nyakati hakulala hata kidogo. Kulikucha vivyo hivyo, akaenda shambani.

Basi, mwalimu wetu, jibu letu ni hili. Mwili uliozoea dawa usiuhesabu kuwa moyo ulioasi, wala usimweke mtu huyo mbali na meza ya Bwana. Mtume Paulo aliomba mara tatu mwiba uondolewe, wala hakukemewa kwa kuomba. Tena Luka mganga alikuwa mwenzi wake safarini. Usimwambie mtu avitupe vidonge vyake. Mpeleke kwa mganga, ukaketi naye barazani mpaka aitwe, hata kama ni kutwa nzima. Na mganga akisema kwamba leo hapana dawa ya kumpa, wewe uwe wa kwanza kulipokea neno hilo, kwa maana mgonjwa atautazama uso wako kwanza.

Mama yule amekwisha kuacha vidonge. Kovu la mkono liko, na kila atoapo sadaka twaliona.