Ganzi Si Uponyaji
Neno: Yeremia 6:14, Yakobo 5:14-16



Mwaka jana jino liliniuma vibaya. Mama mchungaji akanipa mafuta ya karafuu, yale ambayo kule Pemba huvukizwa kutoka vikonyo na majani ya mkarafuu. Nikachovya pamba, nikaweka. Maumivu yakatulia! Karafuu ina yujenoli, kitu kinachotia ganzi, na Mungu ndiye aliyekiweka humo.

Basi nikaacha kwenda kwa daktari. Kila jioni pamba, kila Jumapili nahubiri. Wiki ya tatu shavu likavimba, homa ikapanda. Daktari akaniambia, "Pasta, mafuta yalinyamazisha jino, lakini uozo uliendelea kula." Likang'olewa.

Pale kitini nikakumbuka manabii wa siku za Yeremia. Jeraha la watu lilikuwa kubwa, wao wakalipaka juu juu na kutangaza amani. Nami nilikuwa na ndugu yangu, hatujasemezana tangu tugawane shamba la baba. Miaka yote hiyo naimba, nalia madhabahuni, napaka wengine mafuta. Ganzi tupu! Nilimpigia simu jioni hiyo, mdomo ukiwa bado mzito.

Yakobo haishii kwenye mafuta. Mstari wa 16 anatuagiza tuungamiane dhambi, ndipo tuponywe.

Mpendwa, jino lako ni lipi? Wiki hii, piga ile simu. Na kama mwili unauma, njoo tukuombee, tukupake mafuta, kisha uende hospitali. Amina.