Kitambulisho Kimebaki Mapokezi

Huenda leo ndiyo Jumatatu yako ya kwanza bila kugombania daladala ya saa kumi na mbili. Miezi mitatu ulikuwa mhasibu wa muda: ukalinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, ukasaka risiti zilizopotea, mwaka wa fedha ukafungwa Juni 30 na mizania ikalingana. Ukadhani watakubakiza. Wakakuaga kwa soda na keki, kitambulisho kikabaki mapokezi.

Inauma, tusidanganyane. Ila mkataba ulikuwa na tarehe ya mwisho. Tumaini ndilo halikuwa nayo.

Lia kidogo, nani kakukataza? Kisha rudi ukadai cheti cha utumishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe, lakini wengi huona haya kukiomba, kana kwamba ni msaada.

Na kazi ya hesabu haijaisha: yule mzee wa duka la vifaa vya ujenzi mtaani kwako bado anaandika madeni ya wateja nyuma ya boksi la sigara. Mpitie leo, kabla jua halijawa kali.