Baraza Likinyamaza



Nabii Malaki, katika sura yake ya 3, atupasha habari ya kuwa wamchao Mungu walizungumza wao kwa wao katika siku mbaya, naye Mungu akawasikiliza. Basi na tuangalie jinsi mazungumzo ya watu wengi yakuavyo, na jinsi yafifiavyo.

Gazeti la misheni, Pwani na Bara, lilianza mwaka 1910. Vita Kuu ya kwanza ikalikomesha. Lakini hamu ya watu kusemezana haikukoma. Mwaka 1923 gazeti la Mambo Leo likatoka Dar es Salaam, na watu wa miji ya mbali wakaleta habari na mashairi yao. Huyu aliuliza, yule akajibu. Adui wa nje aliliua gazeti, hakuyaua mazungumzo.

Adui wa ndani ni mwingine. Sisi wa Misunkumilo tulikuwa na baraza la kusoma Neno jioni. Tulianza watu wanne. Kila mmoja alikuwa na swali, wala hapakuwa na ajuaye yote. Kwa hiyo wageni wakavutwa, hata mikeka ikapungua. Ndipo sisi wa kwanza tukajiona wenyeji. Jioni moja mama mmoja mgeni aliuliza neno ambalo tulikwisha kulijibu zamani, tukacheka. Hakurudi tena, wala wale aliokuja nao. Tukabaki wajuzi watupu, kila mtu akijua atakalosema mwenziwe. Kisha wajuzi nao wakachoka.

Wafuga nyuki wa nchi hii ya Mpanda walijua jambo hili kabla yetu. Nyuki wakisumbuliwa mno huhama, ijapokuwa asali imo mzingani. Basi tusiseme, "Neno tunalo, watu watakuja." Asali ilikuwamo.

Walimu na wazee, tufanyeje? Bwana wetu, alipokuwa na miaka 12, aliketi hekaluni kati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza. Ikiwa Yeye aliuliza, sisi tu nani hata tumcheke aulizaye? Swali lililo la kale kwetu ni jipya kwa mgeni, na huenda kwake ndilo mlango.

Tumemwendea yule mama nyumbani kwake, tukamwomba radhi. Hakutuahidi kurudi. Lakini kila jioni mkeka wake twautandika.

Bwana atupe masikio. Amina.